Maji ya Kifuu na Mimea ya Haneti

Haneti ni mahali pa Ugogo, kaskazini ya Dodoma, katika wilaya ya Chamwino, juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Sifa yake imefika nchi za mbali kwa sababu ya jiwe. Jiwe hilo huitwa krisopraso, nalo lina rangi ya kijani inayotokana na nikeli iliyomo ndani yake. Huchimbwa, hukatwa, husuguliwa, kisha huvaliwa shingoni na vidoleni na watu ambao wakiulizwa Haneti iko wapi hawana jibu. Haya si malalamiko. Biashara ya vito ina wasemaji wake. Jiwe limetajwa kwa kuwa nchi hiyo ina kijani kingine kisichochimbwa wala kuuzwa. Kijani hicho huchipua katika madimbwi na malambo mvua za Desemba zinapoanza, hustawi mpaka Aprili, hunyauka kiangazi kinapokaza, na katika muda wote huo hakipewi hata jina, isipokuwa jina la gugu.

Wakati huohuo kijani cha bandia hupokewa kwa taadhima. Katika miji ya Afrika Mashariki yako matangi ya samaki katika kumbi za hoteli na vyumba vya kungojea wageni, na mengi yao yamefanana kama watoto pacha. Changarawe ni ya buluu. Mimea ni ya plastiki. Katikati imesimama ngome ndogo ya plastiki ambayo mfano wake haukupata kujengwa Ugogo wala Pwani. Pembeni pampu hunguruma mchana na usiku. Na samaki wa dhahabu, ambaye asili yake ni China, huzunguka ngome hiyo mpaka kufa kwake. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi samaki huonekana wakielea matumbo juu. Mwenye tangi hununua wengine. Jambo hili huitwa ustaarabu, na mtu akisema kwamba tangi laweza kuishi bila ya pampu, kwa nguvu ya jua na udongo na majani ya dimbwini, hutazamwa kama mtu aliyesema gari laweza kwenda bila ya magurudumu.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mtu huyo asemaye hivyo yu sahihi, na kwamba wanaomcheka wamekosa mara tatu: katika historia, katika elimu ya viumbe, na katika hesabu ya fedha. Zaidi ya hayo, Haneti, mahali pakavu pasipotazamiwa, pana haki ya kuwa na tangi la namna hiyo katika chumba cha darasa kabla ya ukumbi wowote wa hoteli.

Na ianzwe historia. Wauzaji wa vyombo hupenda kusimulia kwamba tangi la mimea lisilo na pampu ni umaskini wa mtu aliyeshindwa kununua lililo kamili. Ukweli ni kinyume. Tangi la kwanza lililofuata kanuni za elimu halikuwa na pampu hata kidogo, wala umeme wa kuiendesha haukuwako. Robert Warington, mwanakemia wa London, alieleza mwaka 1850 jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha maji pamoja na mmea uitwao Vallisneria. Alitaka kuona kama samaki na mmea waweza kutegemezana, mmoja akitoa hewa anayoihitaji mwenziwe. Mara ya kwanza majani yaliyooza yaliyachafua maji. Warington hakununua mashine, alitia konokono. Konokono walikula yaliyooza, maji yakatakata, na ule utatu wa mmea, samaki na konokono ukaendelea. Miaka minne baadaye Philip Henry Gosse alichapisha kitabu chake juu ya matangi ya samaki, na Ulaya yote ikashikwa na hamu ya kuyaweka nyumbani. Pampu na vichujio vya umeme vilifuata baadaye sana, vikauzwa kama kwamba bila ya hivyo hakuna samaki aliyepata kuishi duniani.

Mwaka 1999 mwanamke wa Marekani, Diana Walstad, alichapa kitabu juu ya ikolojia ya tangi lenye mimea, akarudia kwa ushahidi mpana zaidi jambo lililokwisha kuonekana na Warington: weka udongo wa kawaida chini, ufunike kwa mchanga au changarawe, panda mimea mingi tangu siku ya kwanza, acha nuru iingie, weka samaki wachache. Tangi litajisafisha. Kitabu hicho kilipata wafuasi wengi katika nchi zenye umeme usiokatika, yaani nchi ambazo zingeweza kuendelea na pampu zao bila ya taabu. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba utaratibu unaomfaa mtu wa Haneti kuliko mtu yeyote umeenea Ulaya na Marekani kabla ya kufika Chamwino.

Sasa elimu yenyewe. Samaki hutoa amonia kwa mashavu yake na kwa kinyesi chake, na amonia ikizidi humwua. Mwenye pampu hutegemea bakteria wanaokaa katika kichujio. Hao huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati hujilimbikiza mpaka maji yabadilishwe. Mwenye mimea ana njia fupi zaidi. Mimea mingi ya majini hupenda kula amonia kabla ya kula nitrati, kwa hiyo sumu ya samaki ndiyo chakula cha jani. Bakteria wako vilevile, wamekaa juu ya mchanga, juu ya majani na juu ya mizizi. Hawakai kichujioni peke yake. Mchana, kwa nguvu ya nuru, jani hutoa oksijeni. Usiku jani nalo hutumia oksijeni, na hapa ndipo anapoumia mtu mwenye tamaa: akijaza samaki wengi, alfajiri atawakuta juu ya maji wakitweta. Samaki wachache, majani mengi, uso wa maji usiozibwa, basi.

Liko na neno juu ya hewa ya kaboni. Wauzaji husema mimea haistawi bila ya mtungi wa chuma uliojaa gesi hiyo. Kwa baadhi ya mimea laini ya mito ya msituni neno hili lina chembe ya ukweli. Kwa Haneti halina maana. Maji ya visima vya uwanda wa kati aghalabu ni magumu, yana chokaa na chumvi zilizoyeyuka. Mwenye kupika chai hujua kwa ukoko mweupe unaobaki katika birika. Ukoko huo hulaumiwa nyumbani, lakini chanzo chake ni bikaboneti, na iko mimea, kama Vallisneria, Ceratophyllum na Ottelia, yenye uwezo wa kuichukua kaboni yake katika bikaboneti hiyo pale gesi inapopungua. Maji yanayokaripiwa na mpishi ni karamu kwa mimea hiyo. Na udongo uliowekwa chini, unapoozesha mabaki ya majani polepole, hutoa gesi ileile inayouzwa kwa bei katika mtungi.

Hapa yafaa kuingia katika ubishi mwingine, ulio baina ya watu wanaokubali mimea. Katika maduka ya dunia maneno “mimea ya Afrika” yana maana nyembamba mno. Huwa ni Anubias wenye majani mazito ya kijani iliyokoza, jina lao likitoka kwa Anubis mungu wa Wamisri wa kale. Ni jimbi la maji liitwalo Bolbitis heudelotii. Ni Crinum natans mwenye majani marefu yaliyojikunja. Ni mimea mizuri, haina ubishi. Anubias hukaa kivulini, huvumilia mkono usiojua kazi, na hata samaki walao majani humwacha. Lakini hawa wote ni mashuhuri kama watoto wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, wa mito ya Kamerun na Kongo yenye kivuli, na leo hukuzwa kwa wingi katika vitalu vya Ulaya na Asia. Mtu wa Dodoma anayeagiza Anubias aliyekuzwa ng'ambo, akalipa nauli ya ndege, kisha akajisifu kwamba ameweka tangi la Kiafrika, amefanya jambo lisilo na dhambi, ila amejidanganya juu ya jiografia. Afrika si dimbwi moja. Kutoka Haneti mpaka Douala ni mbali kuliko kutoka London mpaka Moscow.

Mimea ya uwanda ina tabia nyingine, na tabia hiyo ndiyo inayostahili kusomwa. Imezoea kufa. Aponogeton, ambaye jamaa zake wameenea Afrika ya Mashariki, hujificha kiangazi chote katika kiazi kidogo ndani ya tope lililopasuka. Mvua ikinyesha hutoa majani kana kwamba alikuwa amelala kwa adhuhuri moja. Marsilea, jimbi lenye majani manne kama msalaba, huhifadhi spora zake katika vifuko vigumu vinavyostahimili ukavu. Yungiyungi la buluu hurudi kutoka kiazi chake. Ottelia ulvifolia hueneza majani mapana, membamba kama karatasi ya mafuta, chini ya uso wa maji, na huinua ua la manjano juu yake. Ceratophyllum hana mizizi kabisa. Huelea tu katika malambo na maziwa, na kipande chake cha urefu wa kidole hutosha kuanzisha msitu. Vallisneria haikai katika dimbwi la msimu, lakini ni mmea wa Tanganyika na wa maziwa mengine makuu. Na msomaji atakumbuka kwamba jenasi hii ndiyo iliyompa Warington ushindi wake. Kwa hiyo jamaa wa mmea ulioasisi elimu ya matangi huko London anaishi siku zote katika mlango wa nyumba ya Mtanzania, ilhali Mtanzania ananunua majani ya plastiki.

Watauliza: na samaki je? Uwanda wa kati una samaki ambaye lau angalikuwa wa Ulaya angalichorwa katika stempu. Ni samaki wa jenasi Nothobranchius. Hilgendorf, mtaalamu wa Kijerumani, alimpa jina Nothobranchius taeniopygus mwaka 1891, na mwaka 1905 akampa jina mwenzake, Nothobranchius neumanni, na wote wawili ni wa Tanzania ya kati. Mwenzao wa Unguja, Nothobranchius guentheri, alikwisha kuelezwa mwaka 1893. Samaki hawa hawazidi kidole kwa urefu. Dume huwa na rangi nyekundu na buluu zinazong'aa. Jike ni wa kijivu, mnyenyekevu wa sura. Huishi katika madimbwi yanayokauka. Dimbwi likikauka wote hufa, lakini mayai yao hubaki ndani ya tope gumu kwa miezi, yamesimamisha uhai wao, yakingoja. Mvua ikija huanguliwa, hukua kwa wiki chache, hutaga, hufa. Jamaa yao mmoja, Nothobranchius furzeri, aliyeelezwa mwaka 1971 kutoka nchi ambayo leo ni Zimbabwe, hufugwa katika maabara za Ujerumani na Marekani, kwa kuwa maisha yake mafupi huwawezesha wataalamu kuuchunguza uzee mwanzo hadi mwisho bila ya wao wenyewe kuzeeka. Wataalamu wa dunia wanasoma tope la Afrika. Mtoto wa Ugogo hulikanyaga akienda shule, na shuleni hufundishwa mzunguko wa maisha kwa mchoro wa chura.

Basi tangi liwekwe namna gani? Na litazamwe tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Hubeba lita 54 likijaa mpaka ukingoni. Fundi vioo hulikata katika kioo cha unene wa milimita 6, huligandisha kwa gundi ya silikoni, na huliacha likauke vizuri kabla ya kutiwa maji. Meza iwe imara, maana uzito wa maji, udongo na kioo hupita kilo 70. Liwekwe karibu na dirisha linalotazama mashariki, lipate jua la asubuhi kwa saa moja au mbili na nuru ya mchana kwa saa zilizobaki. Jua la adhuhuri la Dodoma likiingia moja kwa moja, maji hupata moto na utando wa kijani hufunika kila kitu.

Udongo ndio unaowakosesha wengi. Mtu hudhani udongo wenye samadi utastawisha mimea upesi. Utastawisha harufu. Ugogo ni nchi ya ng'ombe, na kingo za malambo zimejaa kinyesi chao. Udongo wa hapo ukitiwa katika tangi hutoa amonia kwa wingi hata mimea isiweze kuimaliza. Yafaa kuchukua udongo mwekundu wa mahali wasipolala mifugo, kuuchekecha, kuulowesha na kumwaga maji ya juu mara kadhaa, kisha kuutandaza kwa kina cha sentimita 2 au 3, usizidi. Ukizidi, hewa haifiki chini, na huko hutengenezwa gesi yenye harufu ya yai bovu inayochoma mizizi. Udongo mweusi wa mbuga nao una rutuba, ila ni mwepesi wa kutibuka. Atakayeutumia na auchanganye na mchanga. Juu ya udongo uwekwe mchanga wa mto uliooshwa, wa kina kama kile. Sahani iwekwe juu ya mchanga na maji yamwagwe juu ya sahani, polepole.

Maji ya kwanza yawe nusu ya kisima na nusu ya mvua iliyokingwa kwenye bati, baada ya mvua za mwanzo kuliosha bati hilo. Maji ya kuongezea kila wiki yawe ya mvua peke yake, kadiri yanavyopatikana. Sababu yake hupuuzwa mara nyingi: maji yanapovukizwa chumvi hubaki, na anayejaza kwa maji ya kisima mwaka mzima hutengeneza, bila ya kujua, bahari ndogo.

Mimea ipandwe siku hiyohiyo, na ipandwe mingi, hata mchanga usionekane sana. Samaki wangoje wiki nne au zaidi. Katika wiki hizo maji huweza kugeuka rangi ya chai, baadhi ya majani huoza, utando huota na kutoweka. Asiye na subira atakimbilia dukani. Mwenye subira ataona majani mapya. Mwishoni dume mmoja wa Nothobranchius na majike wawili au watatu watatosha. Madume wawili hupigana. Watakula viluwiluwi vya mbu vilivyokusanywa katika ndoo ya nyuma ya nyumba, na jambo hilo lina faida yake ya pili isiyohitaji kuelezwa kwa watu wanaoijua malaria.

Hapo yakaja mapingamizi, nayo hayalingani kwa uzito. Lipo la kwanza linalosema kwamba haya ni mambo ya watoto. Lipite. Mwenye kulisema hajui kwamba mwanafunzi wa elimu ya viumbe huulizwa katika mtihani juu ya usanisinuru, naye huujua kwa mchoro wa mmea uitwao Elodea, ambao ni wa Amerika ya Kaskazini. Tawi la Ceratophyllum likiwekwa juani katika tangi la darasa hutoa mapovu yanayoweza kuhesabiwa kwa kidole. Likifunikwa kwa kitambaa, mapovu hukoma. Saa moja ya kazi hiyo humpa mwanafunzi kile ambacho muhula mzima wa kukariri haumpi.

Pingamizi la pili ni zito, na haifai kulikwepa. Haneti ni nchi kavu. Mvua ya Dodoma kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, na uvukizi huipita mara nyingi. Katika vijiji vya uwanda huu mwanamke huweza kutembea mwendo mrefu na ndoo ya lita 20 kichwani. Kumwambia mwanamke huyo kwamba lita 54 zimo katika kioo kwa ajili ya samaki watatu kwaweza kuwa tusi. Hoja hii ingetosha kuliangusha tangi lenye pampu ya kurusha maji na lenye desturi ya kubadilishwa robo ya maji kila Jumamosi. Tangi la udongo na mimea halina desturi hiyo. Uso wake ni theluthi mbili tu za robo ya mita ya mraba, zaidi kidogo ya hapo. Yaani mita za mraba 0.18. Ukivukiza milimita 5 kwa siku, hupotea kama lita 0.9, likifunikwa kwa kioo, kinachopotea ni kidogo kuliko nusu ya hicho, na mwezi mzima haufikishi ndoo moja. Hata hivyo hesabu peke yake si jibu. Jibu ni kwamba maji yawe ya mvua iliyokingwa shuleni, yasiwe yale yaliyobebwa na mtu kichwani. Na pale ambapo shule haina hata bati la kukingia mvua, tangi lingoje, bati litangulie. Mtetezi wa matangi asiyekubali sharti hili hastahili kusikilizwa Haneti.

La tatu ni la wenye kuogopa kichocho, nao wanaogopa kwa haki. Konokono wa jenasi Bulinus, wanaoishi katika malambo na madimbwi ya nchi hii, ndio wanaobeba vimelea vya kichocho cha mkojo, na vimelea hivyo hupenya ngozi ya mtu aliyeingiza mkono majini. Hapa ndipo mfano wa Warington usipofuatwa kwa upofu: konokono wa dimbwini wasitiwe tangini katu. Mwalimu asimtume mtoto kuingia lamboni kuchuma mimea. Mkusanyaji awe mtu mzima mwenye viatu vya mpira na glavu. Mimea ioshwe, kila jani ligeuzwe, na ute wenye mayai ya konokono ukwanguliwe. Kisha ikae siku mbili au tatu katika ndoo ya maji safi yasiyo na konokono, ambayo yatamwagwa mbali. Vimelea vinavyoelea majini huishi siku moja au mbili tu visipompata mtu. Konokono wa kusafisha tangi awe Melanoides, mwenye gamba refu lililosokotwa, ambaye naye ni wa Afrika, huzama mchangani mchana, na habebi kichocho cha binadamu. Tahadhari hizi si nyingi kuliko zile za kuwasha jiko la mkaa ndani ya nyumba.

Wa nne ni wapenzi wa mwitu. Hao husema: dimbwi liachwe dimbwini. Maneno yao ni mazuri, na laiti madimbwi yangeachwa kweli. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kufanywa jiji mwaka 2018. Barabara zimetandazwa, viwanja vimepimwa, na shimo lenye maji kwa mpimaji ni kasoro ya kufukiwa. Jenasi ya Nothobranchius ina aina kadhaa zilizomo katika orodha za viumbe walio hatarini, na sababu kubwa ni hii hii ya madimbwi kufukiwa, kulimwa na kutiwa sumu. Hakuna aliyepata kuandamana kwa ajili ya dimbwi. Asiyekujua hakuthamini, na mtu hawezi kulijua dimbwi analolipita kwa baiskeli. Mpimaji aliyesoma katika darasa lenye tangi, aliyemwona dume mwekundu akitokea katika tope alilolidhania limekufa, atashika kamba yake kwa mkono mwingine. Wachukuliwe samaki wachache, au kikapu kimoja cha tope. Dimbwi halitaona pengo.

Kuna jambo linalowahusu hasa wasomaji wa kurasa kama hizi, watu wa lugha. Neno gugu ni hukumu. Mkulima ana haki ya kulitumia katika shamba lake, maana analishwa na mtama wala halishwi na Marsilea. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili anapoita kila jani la majini gugu maji, hukumu yake haina shamba. Na kichekesho kilichoje! Gugu maji lenyewe, lile lililoziba Ziwa Victoria, si la Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Lilisambazwa duniani kwa ajili ya ua lake zuri la zambarau, likapandwa katika mabwawa ya bustani kama pambo. Lilipofika Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 lilienea hata, mwaka 1998, likafunika zaidi ya hekta 15,000, bandari zikazibwa, na mbawakawa wa Neochetina wakaletwa kulitafuna. Mgeni aliitwa pambo mpaka akaharibu. Mwenyeji, Ottelia mwenye ua la manjano, ambaye hakupata kuziba bandari yoyote, aliitwa gugu tangu mwanzo. Yungiyungi limebahatika kuwa na jina. Waliobaki wanangoja mtu mwenye daftari atakayeketi na wazee wa Haneti, Wagogo na Warangi, awaulize kila jani huitwaje, huliwa au huogopwa, huota mwezi gani, kabla hao wanaojua hawajaondoka.

Haki inataka isemwe pia kwamba mmea wa Afrika nao ni mgeni mbaya akitupwa ugenini. Lagarosiphon major, wa Afrika ya Kusini, uliuzwa kwa wenye mabwawa na matangi kama mletaji wa oksijeni. Ukajaza maziwa ya New Zealand, na mwaka 2016 Umoja wa Ulaya uliuweka katika orodha ya viumbe vamizi, orodha ileile lilimo gugu maji. Uafrika si dawa ya usafi. Kinachotetewa hapa ni dimbwi la Haneti ndani ya kioo cha Haneti, si jani la Afrika popote litupwapo. Kwa hiyo hata Vallisneria ya Tanganyika, ikikaribishwa tangini, isimwagwe katika lambo la kijiji.

Waswahili wamesema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Maneno hayo hutumiwa kumdharau chungu. Yangeweza kutumiwa kuuliza kama yuko mtu aliyepata kuinama akatazama kifuuni.

Mwezi wa Mei, madimbwi yakishakauka, Nothobranchius wa tangini watakuwa wamezeeka; rangi za dume hufifia na mgongo hupinda. Mwalimu asidhani amekosea. Mchanga wa juu alimotaga jike ukusanywe pamoja na tope kidogo, ukamuliwe mpaka ubaki na unyevu kama wa tumbaku, ufungwe katika mfuko, uandikwe tarehe, uwekwe kabatini penye kivuli mpaka Desemba. Majani yaliyozidi yapunguzwe kwa mkasi, yaanikwe juani siku tatu juu ya jiwe, ndipo yapelekwe kwenye bustani ya mboga.